Kura ya Faza, makao Malindi: mwongozo wa mpiga kura aliye mbali na kwao

"Mjomba, hawa Waingereza ninaofanya nao kazi huletewa karatasi ya kura kwa posta, wakaijaza, wakairudisha kwao. Yangu niandike wapi niletewe?"

Aliyeniuliza ni mpwa wangu aliye Doha, mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, kama mimi. Kabla yake niliulizwa karibu maneno hayohayo na jirani yangu hapa Malindi, mama mtu mzima ambaye kura yake iko Kizingitini na magoti yake hayataki tena boti. Yeye alitaka kujua kama mwanawe aweza kumpigia. Wote wawili niliwajibu kwamba kwetu Kenya hakuna kura ya bahasha. Mpiga kura wa kawaida hapigi kwa posta, hapigi kwa simu, na hamtumi mtu. Kura hupigwa na mwenyewe, amesimama kwenye kituo kile ambacho jina lake limo kwenye sajili, siku ya uchaguzi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukiwa Malindi na jina lako liko Faza, Malindi hutapiga hata ya udiwani.

Kwa hivyo aliye mbali ana njia tatu: ahamishe kituo mapema, asafiri arudi kwao, au, kama yuko nje ya nchi, ajiandikishe huko aliko ikiwa nchi hiyo imo kwenye orodha. Njia zote tatu zataka uamuzi wa miezi kabla, na hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Wengi huanza kuuliza Julai, bendera za vyama zikishafungwa kwenye minazi.

Anza kwa kujua uliko

Usiniambie "nafikiri niko Mkomani." Hakikisha. Mwaka 2022 ilitosha kutuma nambari ya kipande, yaani kitambulisho cha taifa, na mwaka wa kuzaliwa kwa ujumbe mfupi kwenda 70000, ukajibiwa kaunti, eneobunge, wadi na kituo. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, ilikuwa pia na ukurasa wa kukagua kwenye tovuti yake. Kabla ya kutuma chochote, tazama tangazo jipya la Tume ujue nambari inayotumika sasa. Kama huna imani na simu, nenda ofisi ya Tume ya eneobunge ulilo karibu nalo ukiwa na kipande chako. Kukagua hakuhitaji kurudi kwenu.

Jibu likija, liandike kwenye karatasi lote: jina la kaunti, la eneobunge, la wadi na la kituo. Utaona punde kwa nini nasisitiza lote.

Neno moja kuhusu kipande. Utakachotumia siku ya kura ni kilekile ulichojiandikisha nacho, cha asili, si picha kwenye simu. Ulijiandikisha kwa pasipoti, nenda na pasipoti. Ile karatasi unayopewa ukingoja kipande kipya haipokelewi kituoni. Kwa hiyo aliyepoteza kipande aanze kukitafuta kingine leo, maana kwetu Lamu kipande kina safari yake ndefu na kila mtu anaijua.

Kuhamisha au kurudi?

Swali hili watu hulichukulia kama la nauli. Mimi naliona ni la karatasi sita. Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Ya rais ni moja nchi nzima, hata ukipigia wapi. Zile tano zafuata kituo. Ukihama kutoka Lamu Mashariki kuja Malindi, unaacha kumchagua gavana wa Lamu na sasa unamchagua wa Kilifi. Unaacha mbunge wa Faza na Kiunga, unachukua wa Malindi.

Jiulize basi: barabara gani inakutia matope miguuni? Hospitali gani watoto wako hupelekwa usiku? Leseni ya biashara unamlipa nani? Kama majibu yote ni Malindi, na Faza unakwenda kwa harusi na matanga tu, hamisha. Najua kuna wanaoona ni kama kuuza kiwanja cha baba. Si hivyo. Lakini kama shamba, mama mzazi na chombo chako viko huko, na kila mwaka unarudi, wacha kura ikae. Lamu Mashariki ni katika maeneobunge yenye wapiga kura wachache kabisa Kenya, na mwakilishi wadi huko aweza kupita au kuanguka kwa watu wanaojaa jahazi moja. Kura yako huko ina uzito ambao mjini hutaupata.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu huisahau: huenda safari zikawa mbili. Kwa Katiba, mgombea urais asipopata zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau robo ya kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, uchaguzi wa urais hurudiwa ndani ya siku 30. Na Mahakama ya Juu ikiufuta, hurudiwa ndani ya siku 60. Mwaka 2017 yalitokea hayo ya pili: tulipiga Agosti 8, mahakama ikafuta Septemba 1, tukaitwa tena Oktoba 26. Mimi Agosti nilikwenda Faza. Oktoba mfuko ulikuwa umekauka, nikabaki Malindi nasikiliza redio. Kuna na chaguzi ndogo. Wenzetu wa Magarini walirudi vituoni Novemba 2025 kumchagua mbunge katikati ya muhula. Aliye mbali asijifanye hayo hayamhusu.

Ukishaamua kuhamisha

Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Sheria ya Uchaguzi yataka ombi la kuhamisha lifike kwa Tume siku zisizopungua 90 kabla, na Tume nayo imalize kuhamisha jina zikiwa zimebaki siku zisizopungua 60. Nimehesabu kwa vidole na kwa kalenda: siku 90 nyuma ni Mei 12, na siku 60 ni Juni 11.

Usiifuate Mei 12. Idi ya Kuchinja mwaka huo inaangukia siku chache tu baadaye, na wiki hiyo kila mtu yuko sokoni anatafuta mbuzi. Mimi nawaambia watu wangu wamalize wiki ya pili baada ya Idi ya Ramadhani, yaani kabla Machi haijaisha. Mvua za masika bado hazijakaza, foleni ni fupi, na kukiwa na kosa kuna wakati wa kulirekebisha.

Ofisi ya kwenda ni ile ya eneobunge unalohamia. Hapa watu wengi hugeuza mambo, wakafunga safari hadi Lamu kwenda "kujitoa" kwanza. Haina haja. Anayeishi Malindi aenda ofisi ya Tume ya Malindi, mwenyewe, na kipande chake cha asili. Unajaza fomu ya kuhamisha, unataja kituo unachokitaka, alama za vidole zinahakikiwa, unapewa karatasi ya kukiri kwamba ombi limepokelewa. Hailipiwi. Mtu akikwambia toa chochote ili faili lako "lisukumwe", ondoka umtafute msimamizi. Na anayekuomba nambari ya kipande kwa WhatsApp akidai atakuhamisha ukiwa nyumbani umekaa kitako, huyo ana shughuli nyingine na kipande chako.

Kosa baya zaidi hapa ni kujiandikisha upya, kama mtu asiyewahi kuwa kwenye sajili, ukidhani ndiyo njia ya mkato. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na mashine huzilinganisha alama za vidole. Karani akikuuliza, "Umewahi kujiandikisha?" sema ndiyo, hata kama ilikuwa 2013 na hujapiga tangu hapo.

Karatasi ile ya kukiri itunze ndani ya kasha pamoja na hati za shamba. Kisha, Tume itakapofungua sajili kukaguliwa kabla ya uchaguzi, kagua tena. Ombi kupokelewa ni jambo moja, jina kufika ni jingine. Ukikuta bado uko kituo cha zamani, rudi ofisini na karatasi yako wakati ule ule wa ukaguzi. Sajili ikishafungwa, huna wa kumlilia.

Shella mbili, na Malindi isiyo Malindi

Hili ndilo lililonifanya niandike. Lamu Magharibi kuna wadi ya Shella. Malindi nako kuna wadi ya Shella. Mtu wa Lamu aliyehamia Malindi akasema dirishani, "Niandikie Shella," anaweza kuelewana na karani vizuri kabisa na kila mmoja ana Shella yake kichwani. Ndiyo maana nilisema andika jibu lote. Soma fomu kabla ya kutia sahihi, na uangalie nambari, si jina peke yake: Kaunti ya Kilifi ni 003 na ya Lamu ni 005, eneobunge la Malindi ni 016, Lamu Mashariki 021, Lamu Magharibi 022. Nambari hazina jina la babu, hazichanganyiki.

Halafu kuna wale wanaosema wako Malindi kumbe hawako. Mambrui, Gongoni, Ngomeni na Marereni ni eneobunge la Magarini, nambari 017. Watamu na Gede ziko Kilifi Kaskazini, ingawa kila siku watu wake wako Malindi kwa sokoni na kwa hospitali. Wavuvi wa dago, yaani kambi za muda za uvuvi, waliokaa Ngomeni hadi wakaoa huko wakienda ofisi ya Malindi watarudishwa njia. Kwa upande wa Lamu mambo ni mepesi zaidi, maeneobunge ni mawili tu: Mashariki, yenye wadi za Faza, Kiunga na Basuba, na Magharibi, yenye wadi saba kuanzia Mkomani na Shella hadi Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari.

Wanafunzi nao: aliyejiandikisha karibu na chuo ajiulize Agosti atakuwa wapi. Chuo kikifungwa, kituo hakimfuati nyumbani.

Ukiamua kurudi

Agosti ni kusi, upepo mkali wa kusini. Aliyekulia mjini asikie vizuri: bahari ya nje ina mawimbi, na kuelekea Kiwayu na Kiunga nahodha mwenye akili hatoki siku yoyote tu kwa sababu wewe una haraka. Ukiwa Malindi, gari litapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti hadi Lamu. Mtu wa Lamu mjini amefika. Mtu wa Faza, Siyu au Kizingitini ndiyo kwanza amefika nusu, na chombo chake chapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na Mkanda wenyewe wangoja maji yajae.

Mwezi wa Agosti 2027 waandama siku mbili tatu baada ya kupatwa kwa jua kwa Agosti 2. Kwa hiyo Agosti 10 ni mwezi sita au saba, maji mafu, bamvua imeshapita. Maji hayatajaa sana. Mwulize nahodha mapema saa ya kupita, usimwambie wewe. Na hesabu hiyohiyo yatupa jambo la kufurahisha: mwezi huo ni mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Wanaorudi Lamu kwa Maulidi wangerudi hata hivyo. Ukiweza kuomba likizo moja ndefu, safari moja yatosha kwa kura na kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Mimi ombi langu nitaliweka kazini Januari.

Fika Lamu si chini ya siku mbili kabla, yaani Jumapili. Barabara ya Garsen hadi Mokowe ipitwe mchana, ina vizuizi vya usalama na kila kizuizi chataka kipande. Kiweke mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya gari. Kurudi usipange Jumatano alfajiri, vyombo vitakuwa vimejaa.

Kuhusu mabasi ya wanasiasa. Kila msimu kuna mgombea anayekodi basi "kuwasaidia watoto wetu wa Mombasa na Malindi warudi nyumbani". Nauli yenye masharti ya kura ni hongo, na sheria humshika anayetoa na anayepokea. Sisemi usipande gari la ndugu yako. Nasema ukiulizwa kipande chako kishikwe na mtu hadi mfike kituoni, shuka hapo hapo ulipo, hata pakiwa Minjila.

Siku yenyewe

Mengi ya siku hiyo yanajulikana. Nitaje mawili yanayotuhusu sisi hasa.

La kwanza ni vidole. Mashine humtambua mpiga kura kwa alama za vidole, na vidole vya Lamu ni vidole vya kazi: vya mshipi na nyavu, vya kuchonga mawe, vya kusuka makuti. Vimesagika. Na akina mama na mabinti, hina na piko kwenye ncha za vidole huweza kuisumbua mashine. Mwezi huo utakuwa na harusi na Maulidi, najua, lakini paka kiganja uziache ncha hadi Jumatano. Osha mikono kwa sabuni kabla ya foleni, ondoa mafuta ya nazi. Kidole kimoja kikikataa, omba kujaribu vingine. Vyote vikikataa usiondoke kwa hasira. Msimamizi wa kituo aweza kukutafuta kwa nambari ya kipande, mbele ya mawakala wa wagombea, fomu ikajazwa, ukapiga kura yako kama kawaida. Hiyo ni haki, si fadhila.

La pili ni jirani yangu wa magoti. Mwanawe hawezi kumpigia akiwa mama hayupo. Lakini mama akifika kituoni, asiyeona vizuri, asiyejua kusoma au mwenye ulemavu ana haki ya kuingia na msaidizi aliyemchagua mwenyewe, mtu mzima, anayekula kiapo cha kutunza siri. Msaidizi mmoja humsaidia mpiga kura mmoja, kwa hiyo yule kijana wa mtaani aliyejipanga kuwasaidia mabibi kumi arudishwe. Wazee, wajawazito na wagonjwa hawapangi foleni. Na anayefika mwisho akiwa ndani ya foleni saa kumi na moja ikigonga, atapiga hata kama giza litaingia.

Huyo mama tulikaa naye barazani, tukapiga hesabu ya safari, akaamua kuhamia kituo kilicho nyuma ya nyumba yake Malindi. Alisema Kizingitini wamemzika mumewe na wamemlea, hawatamchukia kwa kura moja. Nilimpeleka ofisini mwenyewe.

Walio ng'ambo

Katiba, kifungu cha 82, yataka wananchi walio nje waandikishwe hatua kwa hatua, na hatua zenyewe zimekuwa fupi. Mwaka 2013 ilikuwa nchi nne za jirani: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini. Mwaka 2022 zikawa kumi na mbili, zikaingia Uingereza, Marekani, Kanada, Ujerumani, Sudan Kusini, na kwa upande wetu wa Ghuba, Qatar na Falme za Kiarabu. Saudia na Oman, waliko dada na kaka zetu wengi, hazikuwamo. Orodha ya 2027 isubiri kwenye tangazo la Tume, usiichukue kwa mtu wa kikundi cha WhatsApp.

Aliye kwenye nchi iliyomo hujiandikisha ubalozini, mwenyewe, na pasipoti ya Kenya ambayo muda wake haujaisha. Dirisha hilo ni la wiki chache, mwaka 2022 lilikuwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo anayeishi mbali na mji wa ubalozi aombe ruhusa kazini mapema. Siku ya kura anarudi palepale. Huko hupigwa kura moja tu, ya rais. Na ukishahamia kituo cha ng'ambo, jina lako limeondoka Faza. Mkataba ukiisha Juni ukarudi nyumbani, Agosti utakaa barazani ukitazama wenzako wakionyeshana vidole vyenye wino.

Mpwa wangu nilimweleza hivyo kwa simu, kituo kwa kituo. Mkataba wake unaisha Mei 2027. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza Mkanda siku hiyo utapitika saa ngapi.